Waja leo waondoka leo? Si kwa gari hii!

Ukitia mguu Tanga utaambiwa tu: waja leo, waondoka leo. Basi mwenzenu Jumamosi iliyopita nilikuja Makorora asubuhi niondoke saa 3. Saa 4 bado nipo, jasho linanitoka kama nimebeba robota la mkonge.

Stori yenyewe hii hapa. Kaka yangu kapata mchumba Muheza, kilomita kama 35 hivi. Wazee wawili wa kanzu wako siti ya nyuma, shangazi yuko mbele na barua ya posa mkobani. Dereva mimi, na Corolla ya kuazima kwa ami. Kule tumeahidi saa 5, na ukichelewa posa watu wanaanza kuulizana kama kweli mna nia.

Nazungusha ufunguo: tik. Tena: tik. Kimya.

"Mwanangu, gari imekataa au wewe ndiye hujui?" Shangazi huyo.

Makorora bwana, shida haikai ya mtu mmoja. Dakika 5 hazijapita, muuza mihogo fundi, kijana wa bodaboda fundi, mpita njia fundi. Huyu plagi, yule petroli, mwingine: "Nunua betri mpya tu, mshikaji." Hela pekee iliyokuwemo garini ilikuwa kishika uchumba! Shangazi akaukumbatia mkoba wake.

Ndipo akaja fundi mwenyewe, mtu mzima, mikono mitupu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Washa taa, dogo. Haya, piga stata."

Taa zikafifia, zikataka kuzima.

"Injini ingezunguka vizuri ikakataa kushika, ningetafuta petroli au moto wa plagi. Hii inalia tik na taa zinafifia. Umeme haufiki. Fungua boneti."

Lo! Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani na mweupe. Mvuke wa tindikali ya betri unakula chuma, na huu upepo wetu wa bahari wenye chumvi unazidisha. Betri ikiwa nzima kabisa, unga huo unaweza kuziba njia ya umeme.

Akafungua waya wa hasi kwanza, ndipo wa chanya. Mama lishe jirani akatoa maji ya moto, akamwagia. Akafuta pakauka, akapiga msasa mpaka pakang'aa, akarudisha chanya kwanza, hasi mwisho, akakaza.

Nikazungusha. Ngurumo! Vijana waliokwishakunja suruali wasukume wakaonekana kama wamedhulumiwa.

"Nipe ya chai tu," fundi akasema. "Ila betri kapime. Ikishatulia, chini ya volti 12 ujue haina kitu."

Muheza tuliingia saa 5 na nusu. Barua imepokelewa, majibu tunasubiri. Shangazi lakini kashatoa yake: siku ya kupeleka mahari, tunapanda basi.