Biskuti za chokoleti bila oveni, na watoto saba waliokosekana





Ukurasa huu wa familia umezoea kupokea mapishi kutoka kwa mama zetu na dada zetu. Leo tunaomba nafasi sisi wa kamati ya msikiti, kutoka Dimani, wilayani Kibiti. Huenda msomaji akajiuliza, kamati ambayo kazi yake ni mabati, mikeka na maji ya udhu, inatafuta nini katika habari za biskuti? Jibu limo katika daftari la mahudhurio ya madrasa.

Kwetu, madrasa hufungwa mwezi wa Shaaban ili watoto na walimu wao wajiandae na Ramadhani. Siku hiyo wazazi hualikwa, watoto husoma walichohifadhi, dua huombwa, kisha hufuata tafrija. Desturi ni kila mtoto aje na sahani kutoka kwao: vitumbua, visheti, kalimati, kashata za nazi, au kipande cha mkate wa kumimina. Sahani hupangwa juu ya mkeka mmoja, na watu hula pamoja. Ni desturi njema, na hatukusudii kuibeza. Lakini sahani ina mwenyewe. Hata ikifunikwa kwa kawa, watu huijua imetoka nyumba gani, na mtoto huijua kuliko mtu mzima. Tena siku hizi zimeingia biskuti za dukani zenye karatasi zinazong'aa, na macho ya watoto wote huelekea huko.

Mwezi wa Aprili 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zilipata mafuriko makubwa. Mashamba yalizama, na nyumba nyingi zilizotegemea mpunga na mahindi zikabaki na mikono mitupu. Shaaban iliyofuata tulifanya tafrija kama kawaida. Baada ya siku chache, mwalimu wa madrasa alituletea daftari lake. Watoto saba walikuwa wamehudhuria muhula mzima, wakakosekana siku ile moja tu. Hakuna miongoni mwao aliyekuwa mgonjwa.

Kamati iliwatuma watu wawili wakajulie hali. Katika nyumba ya kwanza walimkuta bibi mmoja akiwa na mjukuu wake anayemlea. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi yule alisema hivi: "Wanangu, huyu mjukuu wangu Yaasin anayo kifuani. Sahani ndiyo hana. Nimpeleke akawatazame wenzake wakitafuna?"

Maneno hayo tuliyaandika katika muhtasari wa kikao kama yalivyo, kwa kuwa hatukuona namna ya kuyafupisha.

Katika kikao zilitolewa rai tatu. Ya kwanza ilikuwa kufuta chakula kabisa, watoto wasome na kuondoka. Ya pili, msikiti ununue maboksi ya biskuti. Mshika fedha akatukumbusha kuwa kilichomo kwenye sanduku ni cha paa, na masika hayangoji. Ya tatu ilitoka kwa akina mama: sahani za majumbani zisije tena, kipikwe kitu kimoja, uwanjani, mbele ya wote. Kila nyumba ichangie ilichonacho bila kutajwa jina, iwe nazi, korosho, sukari, mkaa, au mikono ya kufanya kazi. Asiye na kitu ateke maji, na maji nayo ni mchango. Rai hiyo ndiyo iliyopita. Qur'ani Tukufu katika Suratul Baqara inatukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na mchango usiotajwa mwenyewe hauna njia ya kusimbuliwa.

Likabaki swali la kipikwe nini. Pilau ilikuwa juu ya uwezo wetu. Mwalimu akashauri watoto waulizwe, nao wakajibu kwa sauti moja: chokoleti! Wazee walitazamana. Ndipo dada mmoja aliyewahi kuishi Mbagala akaeleza kuwa zipo biskuti za chokoleti ambazo haziingii ndani ya oveni. Huchemshwa sufuriani, huchotwa kwa kijiko, hupoa, zikawa tayari. Kwa hakika, akasema, ni ndugu wa kashata. Ajuaye kupika kashata hahitaji kufundishwa mara mbili.

Hili la oveni si dogo kwetu. Mkate wa kumimina hupaliwa moto juu na chini, na makaa hayo yana gharama. Delta yetu ina msitu mkubwa wa mikoko, nayo ni mazalio ya samaki na kamba na ni kinga ya pwani, hivyo kila chungu kinachoiva kwa kuni chache ni nafuu kwa wote. Biskuti hizi hazihitaji jikoni zaidi ya dakika 10 kwa sufuria.

Kabla ya kupika, mzee mmoja aliuliza kama chokoleti ni halali, kwa kuwa amesikia huchanganywa na pombe. Ni swali la haki. Kanuni ya wanazuoni wetu ni kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Kakao yenyewe ni punje za mti, na hulimwa hapa hapa Tanzania, hususan Kyela mkoani Mbeya. Unga wa kakao usiochanganywa na kitu hauna tatizo. Tahadhari iwe kwa vinavyoongezwa: baadhi ya chokoleti za dukani zilizojazwa ndani hutiwa pombe au jelatini isiyojulikana asili yake, na arki nyingi za vanila huyeyushwa kwa alkoholi. Basi soma maandishi ya pakiti, na mahali pa vanila weka hiliki. Hiliki haina mjadala, na harufu yake ni ya kwetu.

Vipimo vya sufuria moja ni hivi, tukitumia kikombe cha robo lita. Sukari vikombe 2. Tui zito la kwanza nusu kikombe. Siagi nusu kikombe. Unga wa kakao robo kikombe. Korosho zilizokaangwa na kusagwa mpaka zikalainika, nusu kikombe. Oti, zile bapa zinazopikiwa uji, vikombe 2. Machicha ya nazi yaliyokaangwa makavu bila mafuta mpaka yakawa rangi ya dhahabu, kikombe 1. Hiliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo. Nazi ile ile iliyotoa tui ndiyo itoayo machicha, ambayo siku nyingine huishia kwa kuku. Oti zikikosekana, biskuti za kawaida zilizopondwa zinafaa.

Andaa kila kitu kabla ya kuwasha moto, kwa kuwa ukianza hakuna nafasi ya kutafuta kijiko. Weka sufuriani sukari, tui, siagi, kakao na chumvi. Koroga kwa moto wa wastani mpaka mchanganyiko uchemke na mapovu yatokee katikati, si pembeni tu. Hapo ndipo uhesabu dakika 1 kamili, usizidishe dakika 1 na nusu, kisha epua. Siri yote ya biskuti hizi imo katika dakika hiyo. Sukari isipochemka vya kutosha hubaki na maji, na biskuti hazigandi, zitanata vidoleni. Ikichemka kupita kiasi maji hukauka, na biskuti huwa kavu na kumomonyoka. Asiye na saa adondoshe tone katika maji ya baridi. Likifanya kidonge laini kinachobonyea kwa kidole, tayari. Wapishi wa kashata wanaijua alama hiyo tangu zamani.

Ukishaepua, tia korosho na hiliki, koroga, kisha oti na machicha. Chota haraka kwa kijiko na upange juu ya karatasi ya kuokea, au juu ya majani ya mgomba yaliyooshwa, yakababuliwa motoni na kupakwa mafuta kidogo. Acha zipoe. Kwa joto la pwani huchukua kiasi cha saa nzima. Sufuria moja hutoa vipande karibu 30. Zihifadhi katika kopo lenye mfuniko unaobana, kwa kuwa sukari huvuta unyevu wa hewa na kuzilainisha.

Mambo matatu wazazi wayazingatie. La kwanza, ukitumia karanga badala ya korosho, zichambue. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, zisikaangwe kwa tamaa ya kutopoteza. Sumukuvu haiondoki yote kwa moto, na hatujasahau kuwa mwaka 2016 watu walipoteza maisha huko Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. La pili, wapo watoto ambao karanga au korosho huwadhuru. Uliza kwanza, ndipo ugawe. La tatu, kila kipande kina sukari karibu vijiko 3 vya chai. Hii ni tunu ya siku ya furaha, si kifungua kinywa. Vipande viwili vinamtosha mtoto, na mswaki ufuate.

Shaaban ya mwaka huu tulipika sufuria 4, moja baada ya nyingine. Hatukutumia sufuria moja kubwa, kwa kuwa katika sufuria kubwa katikati na pembeni havichemki kwa pamoja, na hesabu ya dakika huharibika. Watoto walikuwa 58, kila mmoja vipande viwili. Kazi ya kukuna nazi ilipewa wanaume. Baadhi yao walikaa juu ya mbuzi kwa mara ya kwanza maishani, na akina mama walikuja kutazama kwa furaha isiyofichika. Aliyenung'unika tulimkumbusha hadithi iliyopokewa na Bukhari. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, naye akaeleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Ikiwa mbora wa viumbe alishika kazi za nyumba, nazi mbili hazimvunjii heshima mwanamume wa Dimani.

Kwenye mkeka ilikuwapo sinia moja refu la majani ya mgomba. Hakuna aliyeweza kusema kipande kipi kimetoka nyumba gani. Korosho za mwenye shamba na maji ya asiye na shamba vilikuwa ndani ya kipande kimoja. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) kwamba apikapo mchuzi auongeze maji na awakumbuke jirani zake, kama ilivyopokewa na Muslim. Wasia huo tulikuwa tukiusoma madrasani. Siku ile watoto waliuonja.

Na wale saba? Mwalimu aliita majina kama kawaida yake. Watano walikuwapo. Mjukuu wa bibi yule alisimama akasoma Yaasin kutoka mwanzo hadi mwisho, hakubabaika, na bibi yake alikaa safu ya mbele akiwa amejifunika uso kwa ncha ya kanga. Mmoja amehama na mama yake kwenda Dar es Salaam, na tumemwombea heri huko aliko.

Wa saba hakuja. Jioni tulimpelekea vipande vyake viwili, vimefungwa kwa jani. Alivipokea kwa mikono miwili na kushukuru kwa adabu. Tulipomuuliza kwa nini hakufika ilhali sahani haikuhitajika, aliinamisha kichwa. Baba yake ndiye aliyejibu: kanzu ya mtoto imechanika, na wenzake wote walikuwa wamevaa nyeupe.

Tunaandika haya kwa wasomaji wenye madrasa zao, mjini na vijijini, ili kila kamati ifungue daftari lake la mahudhurio na kuangalia ni nani hukosekana siku za furaha. Siku za masomo daftari haliwezi kuonyesha hilo. Mapishi tumeyatoa, vipimo ni hivyo, na asiye na korosho aanze kwa alichonacho. Sisi kikao chetu kijacho ni baada ya swala ya Isha, Jumamosi, na ajenda ya kwanza ni kanzu.

Tunamwomba Allah (s.w.) azitakabali juhudi hizi, awajaalie watoto wetu wawe kitulizo cha macho, na asimfanye yeyote miongoni mwao aikimbie nyumba Yake kwa sababu ya unyonge wa mfuko wa mzazi wake. Amin.

Wabillaahi tawfiiq.