Nyumba Kando ya Rufiji

Chuo chetu kina nia ya kujenga kituo cha utafiti na mafunzo ya mazingira kando ya mto Rufiji, na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nimetiwa katika halmashauri ya kukitungia mpango. Wenzangu ni wataalamu wa maji, wa samaki, wa misitu na wa majenzi. Nilipouliza sababu ya kualikwa, nilijibiwa kwa upole kwamba mwisho wa kazi utahitajiwa muhtasari wa Kiswahili kwa ajili ya wananchi. Jibu lilikuwa la heshima, walakini lilinipa fikira nyingi. Katika desturi zetu za elimu, lugha ya wenyeji huitwa karamuni wakati wa kukusanya vyombo.

Rufiji si mto wa kushughulikiwa kwa haraka. Bonde lake lote lina eneo lipatalo kilomita za mraba 177,000. Kilombero huupa zaidi ya nusu ya maji yake. Luwegu na Ruaha Mkuu huupa sehemu kubwa ya yaliyobaki. Kabla ya kuingia baharini, mkabala wa kisiwa cha Mafia, mto hugawanyika mikono mingi katikati ya mikoko iliyoenea hekta zipatazo 53,000. Tangu zamani, mwaka wa mvua njema, ulifurika ukaacha udongo mpya mashambani. Wenyeji walisia mpunga kabla ya maji kupanda, na yalipopungua walipanda mahindi katika unyevu uliobaki. Kilimo hiki cha pili hukiita mlau. Maji hayo hayo huyafikia maziwa madogo ya pembezoni, kama Ruwe na Zumbi, yakayatia samaki upya. Mtu wa mbali akisikia habari ya mafuriko hufikiri maafa tu. Mrufiji huuliza kwanza yamekuja lini, yamepanda kwa kasi gani, na yatakaa siku ngapi. Katika majibu ya maswali matatu hayo mna njaa au shibe ya mwaka mzima.

Picha ya kwanza ya kituo ilipendeza macho. Ilionyesha nyumba ya ghorofa mbili ukingoni kabisa, yenye baraza pana la kutazamia viboko, maabara, ukumbi, na vyumba kumi na viwili vya wageni. Tuliichukua picha hiyo tukaenda nayo kwa wazee wa upande wa kusini wa mto. Mmoja wao aliitazama kwa kitambo, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akaniuliza, "Mwalimu, nyumba hii ina miguu?"

Wengine walicheka. Mhandisi wetu hakucheka. Alitoa kalamu yake. Mzee alikuwa akinena habari ya dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo jamaa ya mkulima huishi shambani na kulinda mpunga, maji yakipita chini yao. Nyumba isiyo na miguu, kwa hesabu ya mzee yule, haina haki ya kukaa pale tulipoichora. Tangu siku ile maabara imehamia juu ya kilima, na ukingoni pamebaki banda moja la nguzo ndefu. Nasema bila ya kusitasita kwamba swali lile la maneno manne liliufaa mpango wetu kuliko kurasa zote tulizokwisha kuandika.

Wazee wale wana sababu ya kutazama ramani za wageni kwa jicho la pili. Mwaka 1968 na 1969 watu wengi wa bondeni walihamishwa kupelekwa nyanda za juu, katika vijiji vipya, ili wawe salama na mafuriko na wafikiwe na shule na zahanati. Shule na zahanati zilikuwa jambo jema. Lakini udongo mwema ulibaki chini, na mkulima akalazimika kuufuata kwa miguu. Miaka ya 1970 wanachuo kutoka Dar es Salaam waliyachungua mambo hayo kwa bidii, wakaandika taarifa nzuri, kwa Kiingereza. Taarifa hizo zimo katika maktaba. Walioulizwa maswali wamezeeka, na wengine wametangulia mbele ya haki, pasipo kusoma yaliyoandikwa juu yao.

Sasa jambo limekuwa kubwa zaidi. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo ya megawati 2,115, lilianza kujazwa maji mwezi Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaanza kutoa umeme mwaka 2024. Mwezi Aprili wa mwaka huo huo maji yalifunika mashamba na makazi katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mabishano yakazuka. Kuna waliosema bwawa ndilo lililowaletea msiba. Wakuu wakajibu kwamba bwawa lilipunguza gharika iliyokuwa ije kwa nguvu zaidi. Sina elimu ya kuamua kesi hiyo. Najua tu kwamba kesi ya namna hiyo haiamuliwi kwa sauti kubwa. Huamuliwa kwa hesabu ya kina cha maji iliyoandikwa kila siku, kabla ya bwawa na baada yake, mahali ambapo mkulima na mkuu wa mitambo waweza kuisoma wote wawili.

Tena bwawa huzuia tope, na delta huishi kwa tope. Maji matamu yakipungua wakati wa kiangazi, ya chumvi hupata nafasi ya kupanda mtoni. Mabadiliko hayo huja polepole, hayaonekani na mtafiti akaaye wiki mbili. Huonekana na aliyepo. Mvuvi wa delta hutofautisha bamvua na maji mafu kabla ya kutia mtumbwi majini. Hachanganyi mkoko na mchu, wala mchu na mlilana, wala mkandaa na mkomafi, kwa sababu kila mti una kazi yake na una mahali pake katika chumvi na tope. Mwenzetu wa misitu alipoyasikia majina hayo kwa mpangilio wake, toka baharini kuelekea nchi kavu, alisema kwamba hii ni nusu ya somo lake la kwanza. Nikamjibu kuwa basi somo lianzie hapo.

Sidai kwamba Kiswahili changu ndicho mwenyeji wa mwisho. Katika bonde hilo kuna Kindengereko, na yapo maneno ya mto ambayo wazee huyasema kwa lugha hiyo, kisha hutafuta Kiswahili chake wasikipate. Maneno hayo nayo yapasa kuandikwa, pamoja na maana yake na jina la mahali yaliposemwa.

Katika mkutano uliopita nilileta ombi moja. Nataka kituo kiwe na mti wa kupimia maji ukingoni, na mtu wa kijiji hicho aajiriwe kuusoma kila asubuhi, aandike kipimo katika daftari, kisha akiandike kwa chaki, kwa Kiswahili, ubaoni penye njia ya sokoni. Ajira hiyo isiwe ya miaka mitatu ya fedha za wafadhili. Iwe ya kudumu, na akistaafu huyo aingie mwingine. Gharama yake kwa mwaka ni ndogo kuliko ya samani za vyumba viwili vya wageni. Mwenzetu wa hesabu aliipiga mbele yetu sote.

Ombi liliandikwa. Juma lililofuata nililetewa andiko lililosafishwa: vyumba kumi na viwili vimo, ubao umo, daftari limo, na mwenye kuandika hayumo. Nimelirudisha na jina la kazi yake nimelitia kwa wino mwekundu, na vyumba vya wageni nimevifanya kumi. Halmashauri itakutana tena mwezi ujao, kabla ya masika.