Krediti za Chuo Mezani Jikoni

Wengi wenu mnaosoma ukurasa huu mna dada, binti au wifi aliyehamia Marekani, na huenda mmekwisha kusikia habari za kozi za intaneti ambazo mtu huzisoma kwa mwendo wake mwenyewe, kisha chuo kikamhesabia kana kwamba alikaa darasani. Sisi tunaoandika haya ni akina mama wanne, wawili tumetoka Kenya na wawili Tanzania, nasi tunaishi katika jimbo la Minnesota. Sote tumeolewa, sote tuna watoto, na sote tunafanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee, wengine zamu ya mchana, wengine ya usiku. Darasa lenye saa maalum hatuliwezi. Kwa hiyo Jumamosi jioni tulikuwa tukiketi pamoja jikoni, tukazichambua kozi hizo moja moja kama mtu achambuavyo mchele wenye mawe.

Yafaa kwanza kueleza krediti ni nini. Shahada ya kwanza huku kwa kawaida huhitaji krediti 120, na somo moja la muhula mara nyingi huwa na krediti 3. Kampuni zinazouza kozi tunazozisema si vyuo, wala hazitoi shahada. Kozi zao hupimwa na baraza liitwalo American Council on Education, lililoanzishwa mwaka 1918, nalo hupendekeza krediti ngapi zitolewe. Litazame vizuri neno hilo, mama mwenzetu: hupendekeza. Mwenye kuamua ni chuo.

Hapo ndipo fedha za akina mama zinapopotelea. Mwenzetu mmoja aliambiwa na muuzaji, kwa simu, kwamba krediti za kampuni yake hupokelewa kila mahali. Chuo alichokitaka kilizipokea kweli, lakini kama masomo ya kuchagua tu. Somo la lazima la takwimu likabaki pale pale, alisome upya na kulilipia upya. Miezi mitatu alikuwa amelipa kwa fedha alizokuwa amewekea karo ya mdogo wake huko nyumbani. Mumewe hakusema neno siku ile, na kunyamaza kwake kulimwuma kuliko ugomvi.

Tangu siku hiyo tulibadili mpango. Kabla ya kuzitazama kampuni, tunamwandikia msajili wa chuo. Tunamtajia kozi kwa jina lake kamili na kumwuliza: je, itahesabiwa badala ya somo gani lenu? Ni la lazima au la kuchagua? Mnapokea krediti ngapi kutoka nje kwa jumla? Maana vyuo vingi hutaka sehemu ya masomo, mara nyingi kama krediti 30, isomwe kwao wenyewe. Jibu la simu hatulitaki. Tunataka maandishi, na tunayatunza pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Anayetaka uuguzi aulize mara mbili, kwa kuwa shule nyingi za uuguzi ni kali sana juu ya masomo ya mwili wa binadamu yasiyo na maabara.

Baada ya hayo ndipo bei huwa na maana. Sophia Learning hutoza dola 99 kwa mwezi, nawe waweza kufungua masomo mawili kwa wakati mmoja. Ukimaliza moja unafungua jingine. Mitihani yake hufanywa nyumbani bila msimamizi. StraighterLine hutoza ada ya uanachama ya kila mwezi, na juu yake kila somo lina bei yake. Study.com ni ghali zaidi kwa mwezi, lakini ina masomo mengi, hata ya miaka ya juu ya shahada, na mtihani wa mwisho husimamiwa kwa kamera ya kompyuta: uwe peke yako chumbani, asiingie mtu. Mwenye mtoto wa miaka miwili anajua sharti hilo ni zito namna gani. Saylor Academy hufundisha bure, na mwenye kutaka krediti hulipa kiasi kidogo kwa mtihani unaosimamiwa. Misaada ya masomo ya serikali ya Marekani hailipii kampuni hizi, kwa kuwa si vyuo. Kila dola hutoka mfukoni mwako.

Lakini dola 99 ni nyingi au ni kidogo? Tulikata shauri kwamba bei ya kila mwezi ni bei ya nafasi aliyo nayo mama. Mwenzetu ambaye watoto wake ni wakubwa, na mume wake hupika, alimaliza masomo manne kwa mwezi mmoja: krediti 12 kwa dola 99. Mwingine ana mapacha na hufanya kazi usiku. Yeye akimaliza somo moja kwa miezi miwili, krediti 3 zimemgharimu dola 198, na bado analala saa nne. Kampuni ni ile ile. Tulibishana sana juu ya jambo hili, maana yule wa kwanza alidhani kila mtu aweza kama yeye.

Kwa mama wa mapacha tuliona mitihani ya CLEP inafaa zaidi. Hiyo hutolewa na College Board tangu mwaka 1967. Unajisomea kwa muda upendao, hata mwaka mzima, na hakuna anayekukata fedha kila mwezi; ukiwa tayari unalipa karibu dola 100, pamoja na ada ya kituo cha mtihani kama ipo, na mitihani mingi huchukua dakika 90. Alama huanzia 20 hadi 80, na baraza hupendekeza krediti kwa mwenye 50. Ukishindwa, utangoja miezi mitatu kabla ya kurudia. Shirika la Modern States hufundisha masomo hayo bure, na anayemaliza aweza kupewa hati ya kumlipia ada ya mtihani.

Katika CLEP kuna Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, Kiswahili hakimo. Lakini New York University ina mtihani wake wa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, na vyuo kadhaa huzikubali alama zake kuwa krediti. Siku tulipolipata jambo hilo tulicheka hadi watoto wakaja kutazama kuna nini. Mama wa mapacha amekwisha kupata barua ya msajili kwamba mtihani huo utapokelewa, naye anaurudia ufasaha wake kila usiku kazini wazee wakilala. Binti yake mkubwa humdhihaki: yawezekanaje mtu akajifunzia mtihani wa lugha ambayo amewafokea nayo watu tangu walipozaliwa?