Mawese ya Rumonge

Mara ya kwanza kufika Kamenge, Bujumbura, ilikuwa 19 Mei 2020, siku moja kabla ya uchaguzi wa Burundi. Miguuni nilibana dumu la lita tano la mawese, zawadi kwa mjomba. Kutoka Rumonge ziwa liko kushoto njia nzima, na njia nzima kifuniko kilikuwa kikivuja. Nilishuka na kiatu chekundu.

"Mpwa wangu, mafuta umeyaleta au umeyavaa?" mjomba akaniuliza.

Mjomba ni fundi simu. Asubuhi ya kura WhatsApp ikawa inazunguka tu, Facebook na Twitter vilevile. Waliokumbuka mitandao ilivyofungwa 2015 hawakushangaa. Mchana jirani wakaanza kugonga mlango: tuwekee VPN tupenye. Aliwawekea moja moja, nazo zikawatosha.

Yeye alikuwa nazo mbili, za kampuni tofauti, zikifanya kazi pamoja. Nami nikataka. Nikawasha ya pili kwenye simu, ya kwanza ikazimika papo hapo. Kumbe simu hukubali moja tu kwa wakati mmoja. Ya kwanza mjomba aliiweka kwenye ruta, ya pili kwenye kompyuta iliyounganishwa na hiyo ruta.

"Chukua dumu lako," alisema nilipomuuliza mbili za nini. "Dereva wa Rumonge anajua nani kampa, lakini ameambiwa alifikishe kwa dereva wa mjini tu. Wa mjini anaijua nyumba hii, lakini kwake mzigo umetoka kwa dereva mwenzake."

"Na wakikaa pamoja wakaongea?"

"Ndiyo maana sichukui madereva wa tajiri mmoja."

Hapo ana hoja, kwa sababu majina ni mengi kuliko matajiri: CyberGhost na Private Internet Access zote ni za kampuni moja, Kape.

Akaniunganisha kwenye ruta, nikawasha yangu juu yake. Picha moja ilichukua muda wa kumenya ndizi za chakula cha jioni, na mega zikaenda haraka. Sikujali. Nikajiona jasusi, nikafungua Facebook: jina langu kamili, picha yangu nimevaa shati la Idi.

Mjomba akachungulia. "Madereva wawili, halafu jina umeliandika juu ya dumu?"

Nilinyamaza. Akanionyesha na kasoro nyingine: ile VPN yangu ya bure, kabla sijaingia kwenye ruta, ilikuwa ikiuliza anwani za tovuti nje ya njia yake, kwa kampuni ya simu yenyewe. Ujumbe ulikuwa umefungwa vizuri, lakini kila mlango niliobisha ulijulikana.

"Inavuja," alisema, akanyoosha kidole uani.

Kutoka lango hadi kizingiti matone ya mawese yalikuwa yamekauka kwa mstari, moja kila hatua mbili. Nilichukua ndoo na brashi, nikaanzia langoni.