Uwanja wa Kamalondo na Wana wa Shule

Wanafunzi wetu wa Likasi walituomba mara nyingi tuwapeleke Lubumbashi wakauone uwanja wa Mazembe. Mwendo ni kilometa kama 120. Alfajiri tulivuka mto Lufira, na kabla ya adhuhuri tukawasili Kamalondo.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 2011. Una nafasi za watu 18,500, na nyasi zake ni za kutengenezwa, hazijui masika wala kiangazi. Vijana waliinama kuzigusa. Mmoja akanung'unika kwamba kwetu mchezaji haoni mpira kwa vumbi jekundu.

Hapo tukawasimulia asili ya timu. Mwaka 1939, mji ulipoitwa Elisabethville, mapadre Wabenediktini wa shule ya Mtakatifu Bonifasi waliwaundia timu wanafunzi wasioelekea upadre. Iliitwa Mtakatifu Georgi, kisha Mtakatifu Paulo, halafu Englebert, jina la kampuni ya matairi. (Sisi twaona mabadiliko hayo ya mwisho yalikuwa hasara.) Mwaka 1967 na 1968 ilitwaa Kombe la Afrika, mwaka 2010 ilifika fainali ya vilabu vya dunia huko Abu Dhabi, ikafungwa na Inter ya Italia mabao 3 kwa 0.

Yule kijana akauliza: “Mwalimu, wale wa 1939 walichezea nyasi gani?” Tukamjibu kwamba nyasi za namna hii zilikuwa hazijabuniwa bado.

Njiani hakusema neno. Kesho yake asubuhi tulimkuta uwanjani kwetu na jembe, aking'oa mawe.