Suluhu Si Hasara

Watu wengi waangaliao sataranji huchukia mchezo unapoishia suluhu. Husema, "Saa mbili nzima, kisha hakuna mshindi!" Mimi nimecheza mchezo wa namna hiyo hapa shuleni kwetu, Kwa Mathias, nami napenda kuwaeleza wasomaji kwa nini sikubaliani nao.

Ulikuwa mchezo wa mwisho wa mashindano ya mabweni, na kwetu sisi wa kidato cha nne ulikuwa wa mwisho kabisa kabla ya mtihani wa taifa. Mwenzangu alitakiwa kushinda ili bweni lake lichukue kikombe. Mimi ilinitosha nusu pointi. Alicheza vizuri sana. Baada ya kulana karibu kete zote, alibaki na mfalme na askari mmoja, nami nikabaki na mfalme peke yake. Watu wa bweni lake wakaanza kupiga makofi, maana askari akifika mwisho wa ubao hugeuka malkia.

Lakini askari yule alikuwa katika safu ya pembeni kabisa. Askari wa namna hiyo ana udhaifu wake: mfalme wa adui akiwahi kuingia katika kona iliyo mbele yake, hakuna njia ya kumtoa. Basi nikaikimbilia kona ile, nikakaa. Akamsogeza askari mpaka ukabaki mraba mmoja, mfalme wake akimlinda kwa nyuma. Zamu ikawa yangu. Sikuwa na pa kwenda, wala mfalme wangu hakuwa ameshambuliwa. Kwa sheria, hiyo ni suluhu.

Mabingwa wa dunia nao hupatwa na hayo. Karpov na Kasparov walianza kushindana Moscow mwaka 1984; pambano liliposimamishwa Februari 1985 walikuwa wamecheza mara 48, na mara 40 zilikuwa suluhu. Nani atasema hawakujua kucheza?

Mwenzangu aliinama kimya kwa muda, kwani kikombe kile alikuwa amewaahidi wenzake. Kisha akanipa mkono, akasema, "Ndugu yangu, hebu tupange tena kete, unionyeshe ile kona." Tukapanga, tukacheza mpaka kengele ya kujisomea usiku.

Kiswahili chetu kimelipa jambo hili jina zuri. Suluhu ni neno la watu waliogombana wakapatana. Anayepigana mpaka askari wa mwisho, kisha akapeana mkono na mwenziwe, hakupoteza saa zake mbili.