Sarafu ya Marehemu

Alasiri moja, baada ya swala, mama mmoja mjane alitujia katika ofisi ya msikiti akiwa na leso iliyofundikwa pembeni. Fundoni mlikuwa na sarafu ya Kichina ambayo mumewe, aliyekuwa baharia, aliinunua Hong Kong zaidi ya miaka 40 iliyopita. "Wanangu," alisema, "iuzeni, kitakachopatikana kiezeke madrasa." Sisi tulioaminiwa ukatibu wa kamati tukaandika daftarini: sarafu moja ya fedha.

Haukupita muda akatokea mnunuzi mwenye haraka, asiyetaka hata kuipima. Hata hivyo, nafsi hazikututulia, tukaipeleka kwa sonara mmoja mzee.

Ilikuwa na sura ya Yuan Shikai, rais wa Jamhuri ya China, na tarehe ya mwaka wa 3 wa Jamhuri, yaani 1914. Sarafu halisi ya aina hiyo ina uzito wa gramu 26.8 hivi, kipenyo cha milimita 39, na fedha asilimia 89. Sonara aliijaribu kwa sumaku, haikuvutwa. Tukafurahi, naye akatuonya: shaba nayo haivutwi. Sumaku hufichua uongo, haithibitishi ukweli.

Akaiweka mizanini: gramu 23.9. Kisha akaweka glasi ya maji juu ya mizani, akairudisha kwenye sifuri, akaizamisha sarafu ikining'inia kwa uzi bila kugusa chini. Mizani ikaonesha 2.75. Ukigawa uzito wa kwanza kwa huo wa pili unapata 8.7, ilhali sarafu halisi hutoa karibu 10.3. Ukingoni, kati ya michirizi, palikuwa na mstari wa kiungo, alama ya kitu kilichomiminwa katika kalibu. Iliyo halisi hugongwa kwa mashine. "Wala msisugue sarafu ya zamani ili ing'ae," alituusia, "mtaiharibia thamani."

Njiani tulikumbuka darasa la chuoni. Kwa Kiarabu, mbadili fedha huitwa sarrafu. Neno hilo lilisafiri hadi bandari za China, ambako wakaguzi wa sarafu, waliozipima kwa jicho, kidole na mlio, waliitwa kwa jina lililotokana nalo. Neno letu "sarafu" ni la ukoo huohuo.

Tukiri lililotupitia moyoni: mnunuzi ameridhika, sisi hatukumwambia kuwa ni halisi, na paa la madrasa linavuja. Tungenyamaza tu. Usiku ule tulilala na wazo hilo. Asubuhi tukamwendea mama nyumbani kwake na kumweleza yote, pamoja na habari ya mnunuzi.

Aliigeuzageuza kiganjani. "Basi marehemu aliuziwa na mtu aliyenyamaza," alisema. "Nanyi mngenyamaza, mwanangu, dhambi ile ingeendelea kutembea, tena kwa jina la msikiti."

Akaifunda tena katika leso yake, kwa kuwa ni kumbukumbu ya mumewe. Tuliporejea ofisini, tulimpigia mnunuzi simu na kumwambia ukweli. Kisha tukafungua daftari, tukaandika mbele ya mstari ule: si fedha, imerudishwa kwa mwenyewe.

Paa bado linavuja. Twamwomba Allah atufungulie mlango wa halali.